Sahihi Yangu kwenye Mvinyo wa Mugure

Sehemu ya sita

Kama umeanza kunisoma leo, nitakupa mambo kwa ufupi. Hasira niliyo nayo hainipi nafasi ya kuzunguka.

Mimi ni Jeruto. Kazi yangu ni kupima madini yaliyomo kwenye udongo, maji na vinywaji, katika maabara ya Mzee Hardeep hapa Nakuru. Januari mwaka huu wa 2008 nilitumwa Naivasha kuchukua udongo wa wakulima, nikalala kwa shangazi yangu mtaa wa Kihoto. Jumapili asubuhi, katika zile ghasia za baada ya uchaguzi, watu wa kabila langu wakaanza kusakwa mlango kwa mlango. Nyumba ya shangazi ikatiwa moto. Shangazi hakutoka.

Mimi nilitolewa na mjane mmoja wa kabila la hao waliotusaka, Mugure, ambaye alikuwa amekuja mjini kuuza mvinyo wake. Alinilaza nyuma ya pickup yake chini ya makreti ya chupa, akanipitisha vizuizi viwili hadi shambani kwake Eburru. Siku tatu nilikaa nyuma ya mapipa yake.

Agosti, mimi huyo huyo nikatia sahihi ripoti iliyosema kwamba mvinyo wa Mugure si wa Naivasha. Kwamba ni wa kutoka nje, umebandikwa tu lebo ya hapa. Polisi wakabeba chupa zake, wakafunga ghala lake kwa kufuli, wakamshtaki.

Wiki jana niliwaacha pale langoni pa maabara. Mugure amesimama mbele yangu na hajasema neno.

Basi alisema.

"Jeruto, nilikupea uji na kikombe yangu mwenyewe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama."

"Usiniite mama. Vijana walikuja kuniuliza kama kuna mtu kwa stoo. Nikawaambia waingie waangalie. Unajua kwa nini niliwaambia waingie?"

Nilitikisa kichwa.

"Ndio wasiingie. Ningekataa wangeingia. Nilicheza na maisha yangu, wewe ukiwa umelala hapo chini ya magunia. Sasa unaandika mimi ni mwizi?"

"Mashine ndiyo ilisema..."

"Mashine!" Alipaza sauti mpaka mlinzi akageuka. "Mashine haikuwahi kukuja Eburru. Wewe ulikuja. Uliona mizabibu. Uliona mikono yangu. Pima tena!"

Akaenda zake. Hakuaga.

Nilirudi ndani nikiwa na hasira, na nitasema ukweli, hasira ya kwanza ilikuwa kwake. Nilijiambia namba hazina undugu. Mzabibu hunyonya udongo ule mizizi yake ilimozama. Madini ya mahali hapo hupanda kwenye shina, yakaingia kwenye zabibu, na zabibu ikigeuka mvinyo, madini bado yamo. Mtu anaweza kubandua lebo. Madini hawezi kuyabandua.

Udongo wa Naivasha ni wa volkano. Una rubidiamu nyingi na strontiamu kidogo. Zile chupa ndogo tatu za sampuli zilizokuja na stika ya jina la Mugure zilikuwa kinyume kabisa, strontiamu imejaa, rubidiamu ya kutafuta. Zile tatu zenye stika ya kampuni ya Bonde Vintners, ambayo ndiyo ilimshtaki kwa polisi, zililingana na udongo wa Naivasha vizuri sana.

Vizuri kupita kiasi. Hapo ndipo hasira yangu ilianza kugeuka njia.

Kwa sababu kwenye chupa za Bonde kulikuwa na kitu kingine. Lithiamu. Ilikuwa juu sana. Niliiona Agosti, nikaipita. Shamba la Bonde liko upande wa kusini wa ziwa, na udongo wao niliupima mwenyewe mwaka jana. Hauna lithiamu ya namna hiyo.

Nani ana lithiamu? Yule ambaye shamba lake liko pale mvuke unapotoka ardhini. Eburru.

Ile siku ya tatu nilipokuwa mafichoni, nilimwomba Mugure jembe. Nilihitaji kufanya kitu ninachokijua. Nikachimba udongo wa mizabibu yake, nikautia kwenye mkebe, nikaja nao Nakuru. Haukuwa umelipiwa na mteja yeyote, kwa hivyo sikuwahi kuupima.

Pia alinipa chupa moja ya mvinyo nilipoondoka. Sisi nyumbani hatunywi. Ilikaa juu ya kabati kwetu mtaa wa Section 58 tangu wakati huo, kizibo hakijaguswa.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wameenda, nilifungua chupa ile na mkebe ule.

Nilipima mara mbili. Mvinyo wa Mugure niliopewa na mkono wake ulikuwa na rubidiamu nyingi, strontiamu kidogo, lithiamu juu. Udongo wake hivyo hivyo.

Na namba hizo zilikuwa sawa na zile za chupa za Bonde. Sawa kama mtu na kivuli chake.

Stika zilibadilishwa. Mvinyo wa Mugure ulipewa jina la Bonde. Uchafu wa Bonde, ulioletwa kutoka ng'ambo, ukapewa jina la Mugure.

"Unafanya nini na mashine yangu Saturday?"

Mzee Hardeep alikuwa mlangoni, kilemba chake cha bluu, funguo mkononi.

Nilimwonyesha karatasi. Alizisoma akiwa amesimama. Akavuta kiti, akaketi, akazisoma tena.

"Hii lithium uliona mwezi wa nane?"

"Niliona, Mzee."

"Ukafanya nini?"

"Niliipita."

"Uliipita." Alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Na hizi chupa nani alileta? Form inasema ni afisa wa polisi."

Hapa, msomaji, ndipo sikukuambia ukweli katika sehemu zote tano zilizopita. Niliandika kama mtu aliyedanganywa na wengine. Nilidanganya pia.

Hakuja afisa. Katoni ya chupa zile ililetwa na mume wangu.

Micah ni muuzaji wa Bonde Vintners. Alifika na pickup ya kampuni, akaniwekea katoni mezani, muhuri wa karatasi umechanika katikati. "Ilichanikia kwenye matuta ya barabara, Gilgil," alisema. "Afisa amebaki kula, atapita kusaini. Andika tu, Mama Chelimo, usinicheleweshe." Nami nikaandika kwa mkono wangu: *Muhuri mzima. Imeletwa na afisa.* Afisa hakupita. Sikumwambia mtu yeyote kwamba mume wangu anakula mshahara wa hao wanaoshtaki.

Nilimwambia Mzee Hardeep yote.

 Alipiga meza kwa kiganja, mara moja, chupa zikaruka.

"Mimi na hii lab tuko Nakuru miaka thelathini na moja! Wakulima wanakuja hapa hawajui kusoma, wanaamini karatasi yangu. Thelathini na moja! Wewe unaandika muhuri mzima?"

"Nilikosea, Mzee."

"Kukosea ni kumwaga asidi. Hii si kukosea."

 

Alifungua kabati ya chuma, akatoa mabaki ya zile chupa sita za Agosti, akavaa koti lake la kazi. Hakuniruhusu kugusa chochote. Alianza upya mwenyewe, kuanzia kuchanganya asidi, mzee wa miaka sabini akiinama juu ya moto mdogo wa mashine ya kupimia. Saa kumi na moja alizima.

"Ni kweli," alisema. "Zimebadilishwa."

Nililia. Alinitazama bila huruma.

"Kesi ni lini?"

"Jumanne, Naivasha. Nimeitwa kama shahidi wa mashtaka."

"Utaenda. Utasema lithium, utasema muhuri, utasema bwana yako. Ukiruka hata moja, mimi nitasimama niseme. Halafu ukirudi utaniachia funguo."

Nilimkuta Micah nyumbani Jumapili baada ya kanisa, tai bado shingoni, akila. Nilimtuma mtoto wetu Chelimo kwa jirani. Nikaweka karatasi mbili kando ya sahani yake.

"Nini hii?"

"Ni wewe."

Alizitazama kidogo tu. Mtu asiyejua angeuliza namba zile ni za nini. Micah hakuuliza. Alisukuma sahani.

"Ulipima tena bila ruhusa?"

"Micah, ulibadilisha stika?"

"Mama Chelimo, keti chini."

"Nimekuuliza kitu!"

"Keti tuongee kama watu."

Sikuketi. Basi akaongea nikiwa nimesimama mbele yake. Alisema Bonde haikuvuna mwaka huu. Wachumaji wote walikuwa wa Kihoto, na baada ya ile Jumapili hakuna aliyebaki wala aliyerudi. Zabibu zilioza juu ya waya. Supamaketi zilikuwa zinataka mvinyo wa Naivasha. Kampuni ikaagiza wa nje, umekuja kwenye mifuko mikubwa ya plastiki ndani ya kontena, ukatiwa kwenye chupa za Bonde.

"Na Mugure akaanza kuambia mahoteli," alisema. "Anauliza kila mtu, hao walivuna na nani? Wakubwa wakasema tumshtaki kabla atushtaki."

"Wakakupatia hiyo kazi."

"Walinipatia katoni. Wakaniambia stika hazijashika vizuri." Alicheka kicheko kibaya. "Ungetaka nifanye nini? Nirudi Kaptembwo niuze mitumba?"

"Unajua yule mama alinifanyia nini?"

"Najua."

"Ulijua wakati unabandua stika?"

Alichukua glasi ya maji, akanywa.

"Micah! Ulijua?"

Akasimama, akaangusha kiti. "Na watu wake walimfanyia nini shangazi yako? Hebu niambie! Ulimlilia miezi mitatu kwa hii nyumba. Sasa leo umesahau?"

"Yeye hakuchoma! Yeye alinibeba!"

"Wote ni wale wale!"

Sikuwahi kumpiga mtu mzima. Siku hiyo nilichukua ile sahani na chakula chake, nikaitupa ukutani. Mchuzi ulichirizika juu ya picha yetu ya harusi.

Micah alijipangusa shati. Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo niliogopa.

"Enda kortini useme. Lakini sahihi ni ya nani? Muhuri mzima aliandika nani? Mimi sikuandika kitu."

Alichukua koti, akaondoka. Hakurudi siku hiyo wala kesho yake.

Jumanne saa tatu nilikuwa kwenye benchi la mashahidi, Naivasha. Nilikuwa sijatia mguu mji ule tangu Januari. Nilipita njia ya Kihoto nikiwa nimefumba macho, na hata hivyo niliusikia ule moshi, ingawa hakuna kitu kilichokuwa kikiungua.

Mugure alikuwa kizimbani, kitambaa cheupe kichwani, mikono yake iliyochanjwa na mizabibu ameishika mbele. Hakunitazama.

Mzee Hardeep alikuwa safu ya pili, na bahasha mapajani. Micah alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na meneja wa Bonde. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati nililompigia pasi mimi.

Niliapishwa. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye haraka, alinipa ripoti yangu.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ieleze korti ulipata nini."

"Nilipata uongo," nikasema. "Na mwingine niliuandika mimi."

 Mwendesha mashtaka alidhani hakusikia.

Nilisema. Nilieleza rubidiamu na strontiamu kwa maneno ambayo hata mama wa mboga aliyekuwa ameketi pale mbele aliitikia kwa kichwa. Nilieleza lithiamu ya Eburru. Nilieleza chupa niliyopewa na mkebe wa udongo. Nilieleza muhuri uliochanika na afisa ambaye hakuja.

"Nani basi alileta katoni?" hakimu akauliza. Alikuwa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani.

"Mume wangu, Mheshimiwa. Yule pale. Anafanya kazi na Bonde Vintners, na amenikubalia kwa mdomo wake kwamba alibadilisha stika."

Watu wakageuka wote pamoja. Mugure naye aliinua uso kwa mara ya kwanza, akanitazama. Nilijiambia yamekwisha. Nilijiambia nitapoteza kazi, nitapoteza ndoa, lakini huyu mama atalala kwake leo bila kufuli mlangoni.

Mwendesha mashtaka aliomba dakika kumi.

Kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona Micah kwenye korido akimwinamia mwendesha mashtaka, akimwambia kitu, akinionyesha kwa kidole. Meneja akiandika kwenye karatasi. Niliona kijana yule akitabasamu.

Aliporudi hakuwa na haraka tena.

"Madam Jeruto, shangazi yako alikufa hapa Naivasha Januari?"

"Ndiyo."

"Alichomwa na watu wa kabila la mshtakiwa?"

Wakili wa Mugure akaruka juu kupinga. Hakimu akasema, "Ajibu."

"Alichomwa na watu ambao siwajui," nikasema.

"Vizuri. Chupa zilikaa siku ngapi kwa maabara kabla uzipime?"

"Siku mbili."

"Ufunguo wa kabati alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi na Mzee Hardeep."

"Kwa hivyo mtu ambaye angeweza kubadilisha stika kwa utulivu, bila kuonekana, ni wewe. Si mtu wa pickup." Aliinua ile karatasi. "Mumeo yuko tayari kuapa kwamba mwezi wa pili, mkiwa nyumbani kwenu, ulisema maneno haya. Nitayasoma. *Siku moja mmoja wao atapita mikononi mwangu, na nitammaliza kwa kalamu, sihitaji panga.*"

Aliiweka karatasi mbele yangu.

"Ulisema au hukusema?"

Niliyasema. Ilikuwa siku tuliyozika kilichobaki cha shangazi, kisanduku kidogo ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba. Niliyasema nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, na Micah alikuwa amenishika kichwa akinibembeleza. Mtu mmoja tu duniani aliyasikia. Aliyatunza. Miezi tisa aliyatunza, akaja kuyauza koridoni Naivasha ili aokoe shati lake.

Nikikana, nimeapa uongo, na kila nilichosema kuhusu lithiamu kitatupwa nje pamoja nami. Nikikubali, basi mimi ndiye mwenye chuki, mwenye ufunguo, mwenye sahihi, na Bonde wanatoka safi.

"Shahidi," hakimu akasema, "unaulizwa."

Nilimtazama Micah. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilisema," nikajibu.

Kelele ilipanda. Mtu nyuma alipiga mluzi. Wakili wa Mugure alishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Hardeep alifumba macho. Hakimu aligonga meza mara tatu, akamwita askari asimame karibu na mlango, na nikaelewa kwamba ni kwa ajili yangu.

"Mheshimiwa."

Sauti ilitoka kizimbani. Mugure alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, una wakili. Ongea kupitia kwake."

"Huyo wakili hakuwa kwangu Januari." Alivua kile kitambaa cheupe, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya ubao. "Vijana walikuja na mapanga wakaniuliza kama kuna mtu ndani. Huyu alikuwa ndani. Kuna kitu alisema usiku ule chini ya magunia, nikakisikia, na sijawahi kuambia mtu. Naomba nimuulize mbele yenu. Swali moja tu."

Nilijua alichotaka kuuliza. 

Wakili wake alimvuta mkono. Mugure aliutoa mkono wake kwa nguvu, bila kuniondolea macho.

Hakimu alivua miwani, akaiweka juu ya faili.

"Uliza," alisema.